Koseti ya Koito: Kabla Hujatuma Pesa kwa Fundi, Soma Hii Kwanza

Bonasi ya majani chai ikishaingia, Silibwet hubadilika kidogo. Wenye madeni ya mbolea wanalipa, wenye watoto wa shule wanaanza kuweka karo ya Januari kando, na wenye mabinti wa kuoza wanakaa chini kupanga tarehe. Kutoka hapo mpaka Desemba iishe kuna koito nyingi, ile sherehe ya Wakalenjin ya mahari na kutambulishana, na siku hizi koito bila hata gauni moja la koseti ni kama chai bila maziwa. Watu watakunywa, lakini wataongea.

Kama hujawahi kufika huku, Silibwet iko Kaunti ya Bomet, kilomita chache kutoka mji wa Bomet na karibu na Hospitali ya Tenwek. Ni nchi ya chai. Viwanda vya Kapkoros na Tirgaga haviko mbali, na pesa za familia nyingi hufuata kalenda ya kiwanda: malipo ya kila mwezi ambayo huisha dukani, halafu bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba. Bonasi ya upande huu wa Bonde la Ufa kwa kawaida huwa chini kuliko ile ya wakulima wa mashariki. Kwa hivyo shilingi elfu kadhaa za gauni moja si pesa ya kuchezea, na ndiyo maana nataka tuiongelee hiyo pesa: itoke lini, iende kwa nani, na ubaki na nini mkononi kama wewe na fundi mtatofautiana.

Lakini huwezi kuelewa malipo ya koseti kama hujaelewa koseti yenyewe.

Gauni lenye mifupa

Gauni la kawaida linaning'inia mwilini. Koseti inasimama yenyewe. Ndani yake kuna boni, yaani mifupa: vipande vyembamba na virefu vya plastiki au chuma vinavyopita ndani ya vijia vilivyoshonwa kutoka juu hadi chini. Hivyo ndivyo vinavyoshikilia kifua bila kamba za mabegani na kuchora kile kiuno ambacho kila mtu anakitaka kwenye picha.

Mafundi wengi wa mitaani hutumia boni nyepesi ya plastiki iliyosukwa kama utepe, kwa sababu sindano ya cherehani inapita juu yake bila kuvunjika. Boni ya chuma ni ghali zaidi na inakuja kwa namna mbili. Ile bapa hupinda mbele na nyuma tu, nzuri kwa pembeni mwa kamba za mgongoni. Ile iliyosokotwa kama springi hupinda pande zote, kwa hivyo inafaa pale mwili unapozunguka, kwa mfano mbavuni. Kuna pia mafundi wanaotumia zile tai za plastiki za kufungia nyaya za umeme. Usicheke, zinafanya kazi. Muhimu ni ncha. Boni yoyote ambayo ncha yake haikukatwa mviringo au kulainishwa kwa moto itatoboa kitambaa, na itachagua kutoboa wakati mzee wa familia anatoa maombi.

Kitambaa nacho si kimoja. Nje ni satini au lesi, ile inayoonekana. Katikati ni kitambaa kigumu kisichovutika, na hicho ndicho kinachofanya kazi ya kubana. Ndani kabisa ni bitana, inayogusa ngozi. Ukiona koseti ya bei ya chini sana, mara nyingi ile ya katikati ndiyo imerukwa. Siku ya kwanza utapendeza. Saa tatu baadaye satini imevutika, koseti imeteremka, na mkono mmoja uko busy kuivuta juu huku mwingine unasalimia wageni.

Sasa ngoja nikuonyeshe hesabu inayofanya mafundi waheshimu hii kazi. Koseti hukatwa vipande vingi vyembamba, tuseme 10, vinavyounganishwa kuzunguka mwili. Vipande 10 ni mishono 10. Kila mshono ukipotea milimita 3 tu, koseti nzima imepungua sentimita 3. Sketi ikipungua sentimita 3 unavuta pumzi na maisha yanaendelea. Koseti ikipungua hivyo, haifungi. Ndiyo maana fundi mzuri wa sketi si lazima awe fundi mzuri wa koseti, na ndiyo maana anayeijua huchukua vipimo vingi kuliko ulivyozoea: kifua, chini ya matiti, kiuno, nyonga, kutoka bega hadi ncha ya titi, kati ya ncha na ncha, kutoka kwapani hadi kiunoni, na kadhalika. Akikupima kifua, kiuno na nyonga tu halafu akasema "tosha", hapo shika pesa yako kwanza.

Na nenda kupimwa ukiwa umevaa sidiria utakayovaa siku hiyo. Kama koseti itashonewa vikombe ndani, mwambie mapema.

Kitu kingine cha kuamua kabla ya bei ni mgongo: kamba au zipu. Zipu inaonekana safi lakini haina huruma. Ukiongezeka kidogo kati ya Oktoba na Desemba (na msimu wa sherehe tunaujua), zipu itakataa. Kamba zinazopita kwenye vitundu vya chuma au vitanzi vya kitambaa hukupa nafasi ya sentimita kadhaa huku na huku. Mwambie fundi aache mwanya mgongoni na ashone kipande cha kuuziba. Kama harusi iko mbali, au kama unanyonyesha, mimi ningechukua kamba bila kufikiria mara mbili.

Kujifunga kiuno hatukuanza jana

Kuna watu watakuambia koseti ni mambo ya wazungu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Ulaya waliivaa kwa karne nyingi, wakisimamisha kitambaa kwa kile walichokiita mfupa wa nyangumi, ambacho hata si mfupa, ni zile nyuzi ngumu zilizo mdomoni mwa nyangumi za kuchujia chakula. Vitundu vya chuma vilipoingia miaka ya 1820, kamba ziliweza kuvutwa kwa nguvu bila kitambaa kuchanika, na hapo ndipo viuno vilianza kuumia kweli kweli. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Marekani ikawaomba wanawake waache kununua koseti ili chuma kiende vitani. Ikapotea polepole, kisha Vivienne Westwood akairudisha kama vazi la nje miaka ya 1980, Madonna akapanda nayo jukwaani 1990 ikiwa kazi ya Jean Paul Gaultier, na mwaka 2020 Bridgerton ikamaliza mchezo. Lakini ukweli ni kwamba picha ambazo wasichana wa Bomet wanampelekea fundi hazitoki Uingereza. Zinatoka Nigeria, kwa wale mabibi harusi na marafiki zao waliochanganya koseti, lesi na shanga mpaka dunia nzima ikatega jicho.

Lakini kufunga kiuno chenyewe? Pwani kuna mkaja, kile kitambaa ambacho mama hufungwa tumboni baada ya kujifungua, na neno hilohilo likawa jina la zawadi ambayo bwana harusi humpa mama wa bibi harusi. Na hapa kwa Wakalenjin kuna leketyo, mkanda wa ngozi wa mama uliopambwa kwa kauri na shanga, wa kushikilia mimba na mgongo. Leketyo ilikuwa na heshima nzito. Mama akivua mkanda wake na kuuweka chini mbele ya wanaume wanaopigana, hawakuuruka. Kwa hivyo ukiona fundi wa leo anazungushia kauri kwenye kiuno cha koseti ya koito, hajaokota wazo hilo mtandaoni. Bibi yake angelielewa.

Tofauti ni kwamba mkaja na leketyo vilikuwa vya kumsaidia mama. Koseti ya sherehe ni ya macho. Kwa hivyo kama una mimba, au umejifungua juzi, au umefanyiwa upasuaji, muulize daktari kabla ya kumuuliza fundi.

Kwa nini fundi anataka pesa kabla

Hapa ndipo wateja wengi hukasirika. "Mbona anataka nusu na hajashika hata mkasi?"

Fikiria upande wake. Suruali ya shule ikikataliwa na mteja mmoja, itamtosha mtoto mwingine. Koseti iliyokatwa kwa kifua chako, kiuno chako na urefu wa mbavu zako haimtoshi mtu mwingine yeyote Silibwet. Mkasi ukishapita, satini hairudi dukani. Na vifaa vyenyewe havipatikani kila kona. Boni, vitundu, lesi nzito ya shanga, mara nyingi huagizwa Nairobi, Eastleigh kwa mfano, na kuja kama mzigo kwenye matatu kupitia Mai Mahiu na Narok. Muuza kitambaa wa Nairobi analipwa kabla mzigo haujapanda gari. Bila pesa yako ya kwanza, fundi anakukopesha wewe, na pengine yeye mwenyewe anaikopa hiyo pesa kwenye simu.

Lakini fikiria na upande wako. Ukilipa yote siku ya kwanza, umebaki na nini cha kumfanya akumbuke kazi yako wakati oda za Desemba zimejaa mpaka mlangoni? Umebaki na namba yake ya simu na maombi.

Kwa hivyo usilipe yote mwanzoni, na usikatae kulipa chochote. Lipa kwa hatua, na kila hatua ya pesa ifungue hatua ya kazi. Tuseme mmekubaliana 6,000. Elfu tatu siku ya vipimo, za vifaa, na mseme hivyo: ni za vifaa. Elfu moja na mia tano baada ya kujaribu koseti ya majaribio, ile anayoshona kwanza kwa kitambaa cha bei nafuu kama amerikani, ili mkosee hapo na si kwenye satini. Elfu moja na mia tano za mwisho siku ya kuchukua, ukiwa umeivaa. Fundi akikuambia hashoni ya majaribio, basi awe tayari kukujaribisha satini ikiwa imeshikizwa tu, kabla boni hazijaingia na kabla bitana haijafungwa. Baada ya hapo kufungua ni kubomoa nyumba.

Tarehe ya kuchukua isiwe Ijumaa kwa sherehe ya Jumamosi. Weka wiki moja kabla, na umwambie kwamba hiyo ndiyo tarehe yenyewe. Mafundi wetu tunawapenda, lakini neno "kesho" mdomoni mwao lina maana pana.

Sasa tuje kwenye simu

Kama fundi ana till au Pochi la Biashara, lipa huko badala ya kutuma kwenye namba yake ya kawaida. Kwake yeye, pesa za kazi hazichanganyiki na za unga na za karo, na anaweza kuona msimu umemletea nini. Kwako wewe, malipo yanaonekana wazi kuwa ya biashara. Lipo jambo lingine ambalo mafundi hulijua kwa uchungu: kuna wateja wanaochukua nguo, wakifika stejini wanaomba pesa zirudishwe ati walikosea namba. Kwenye Pochi, mteja hawezi kurudisha malipo bila mwenye pochi kukubali. Fundi akikusisitizia utumie Pochi, usidhani anakuringia.

Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Si kulitazama, kulisoma. Kama fundi unamjua kwa jina moja na skrini inaleta jina la mtu mwingine kabisa, simama na uulize. Huenda till ni ya mume wake au ya mwenye duka. Huenda pia umebonyeza 8 badala ya 3. Na kama pesa zimeshaenda kwa namba isiyo yake, usimpigie mpokeaji mkigombana. Kwa M-Pesa, sambaza ile meseji ya muamala kwenda 456 mara moja, kabla huyo mtu hajatoa pesa. Kila dakika hapo ina thamani.

Meseji ya muamala ni risiti, lakini ni risiti isiyosema chochote kuhusu koseti. Inasema umelipa nani, kiasi gani, saa ngapi. Haisemi kamba au zipu. Kwa hivyo ukimaliza kulipa, nenda WhatsApp ya fundi na uandike kitu kama hiki:

"Habari mama. Nimetuma 3,000 za vifaa, namba ya muamala ndiyo hiyo hapo juu. Koseti ya bluu, kamba nyuma, mikono mirefu ya lesi, kauri kiunoni. Kujaribu tarehe 22 Novemba, kuchukua tarehe 6 Desemba. Salio 3,000."

Akijibu "Sawa, nimeona, kongoi", hiyo imetosha. Mmeandikishana bila wakili. Usifute hizo meseji mpaka sherehe ipite. Na ukizifuta kwa bahati mbaya, taarifa ya miamala bado unaweza kuiomba kwenye simu yako.

Fundi, na wewe kuna neno lako. Usikubali picha ya meseji aliyopiga mteja kama malipo. Meseji huandikwa na mtu yeyote mwenye vidole. Angalia salio lako, au meseji iliyoingia kwenye simu yako mwenyewe, ndiyo umpe mfuko.

Wasimamizi sita, rangi moja

Kazi ya bibi harusi peke yake ni rahisi. Wasimamizi ndio kizungumkuti. Sita wanataka koseti za rangi moja, wawili wako Nairobi, mmoja yuko Kericho, mmoja anasema atalipa mwisho wa mwezi. Fundi anaanza na wale watatu waliolipa, halafu wengine wanapolipa, kitambaa cha pili kinakuja na bluu iliyo tofauti kidogo. Dukani huioni. Kwenye picha, juani, utaiona maisha yako yote.

Kwa hivyo pesa za kitambaa zilipwe zote siku moja, hata kama za ushonaji zitafuata kila mtu kivyake. Chagueni mmoja akusanye, atume mara moja, na aweke meseji ya muamala kwenye kundi la WhatsApp wote waione. Wa mbali wasitume vipimo walivyojipima wenyewe mbele ya kioo. Waende kwa fundi yeyote alipo, wamlipe kidogo apime, na wajaribu hapa Silibwet angalau mara moja.

Ukiagiza kwa mtu usiyemjua

Kurasa za kuuza koseti mtandaoni ni nyingi, na kati yake kuna walioiba picha. Wanaweka gauni la Lagos, bei nzuri kuliko ya fundi wako, na wanataka yote kabla, "kwa sababu ya oda nyingi". Kuna swali moja linalowachuja haraka: omba video fupi ya koseti ikiwa imegeuzwa ndani nje. Fundi wa kweli anajivunia mishono yake ya ndani, na koseti iko mezani kwake. Mwizi wa picha ana upande wa nje tu, kwa sababu huo ndio watu hupost. Akianza hadithi, funga simu. Na hakuna oda ya nguo duniani inayohitaji PIN yako au namba ya siri iliyoingia kwa meseji.

Siku ya kuchukua, usilipe salio ukiwa umesimama kama sanamu. Vaa, fungwa kamba vizuri, kisha kaa kwenye kiti. Inua mikono yote kama utakavyoinua ukicheza. Vuta pumzi mpaka chini. Inama uchukue kitu. Pitisha vidole ndani ya mshono wa juu na wa chini uone kama kuna ncha ya boni inayochoma. Kama kuna kitu, kirekebishwe hapo, kisha utoe simu na umalize deni lako mbele yake, asikie meseji ikiingia.

Ukifika nyumbani usiikunje, itundike, na jasho lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kuiloweka. Na kabla hujatoka dukani, omba mabaki ya satini yako hata kama ni kipande cha mkono mmoja. Mwili ukibadilika mwaka ujao, fundi atafungua mshono wa pembeni na kuongeza hapo, rangi ileile, na utalipia kazi tu.